Bolti Nne za Kibao cha Ghuba

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, msimamizi wetu wa mitaro atavua buti zake za mpira mlangoni mwa ofisi kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia halmashauri hii kwa miaka thelathini na mmoja. Kwenye jalada lake la utumishi ana majina matatu kamili. Sisi tunamwita Mzee Chujio, na hata mkurugenzi aliwahi kujisahau akamwandikia barua rasmi kwa jina hilo, ikapigwa mhuri na kutumwa.

Mimi ninayeandika ni mpima maji wa halmashauri. Mzee Chujio huniita binti wa maabara, ingawa nina wajukuu wawili na magoti yanayolalamika nikipanda ngazi. Kamati ya sherehe imenipa kazi hii kwa madai kwamba ndimi niliyekaa naye muda mrefu kuliko wote waliobaki. Nadhani sababu ni nyingine. Wanajua ni mimi niliyempa matokeo ya mwezi Mei, na wameona heri niyaandike mwenyewe kuliko yaendelee kunong'onwa kwenye korido. Nitayafikia, lakini kwanza kazi.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na tisa, kibarua wa kuzibua mitaro. Siku ya kwanza alipewa koleo, akapelekwa mtaro wa sokoni, na kabla ya saa nne asubuhi alikuwa ametumbukia hadi kifuani mbele ya wauza nyanya wote. Kiatu chake cha kulia hakijaonekana mpaka leo. Angekuwa mwingine angerudi kwao akatafute kazi kavu. Yeye alirudi kesho yake na viatu vya kuazima, na baada ya miaka minne alikuwa ndiye msimamizi.

Wakati huo hakuwa Mzee Chujio. Aliitwa Bwana Mteremko, maana alikuwa na tamaa moja tu duniani, maji yaende. Dimbwi lililotuama lilimnyima usingizi. Na alikuwa na haki, kwa sababu kila masika watu wa mitaa ya chini walipandisha magodoro juu ya meza na kulala wameketi. Mtaro mkuu uliotoka sokoni, ukapita kwenye gereji na kuishia ziwani, ulikuwa wa udongo, umejaa nyasi, unapinda huku na huku kama mtu asiye na haraka, na mwisho wake ulipotelea katika pori la matete pale ghubani. Bwana Mteremko na kikosi chake waliunyoosha. Waliutandika saruji chini na kando, kilomita mbili na nusu, kisha wakafyeka matete yote mdomoni mwake ili kisibaki kitu cha kuzuia maji. Kazi ilichukua miaka miwili.

Masika yaliyofuata hakuna godoro lililopanda meza. Halmashauri ilimpa cheti chenye lakiri nyekundu na fremu ya kioo, tukapigwa picha. Mimi pia nimo katika picha hiyo, wa pili kutoka kushoto, nimeajiriwa mwezi uleule, meno yote nje. Kazi yangu ilikuwa kupima maji ya bomba. Ziwa halikuwemo kwenye orodha yangu, na sikuuliza kwa nini.

Baada ya mwaka mmoja ghuba ilianza kunuka. Maji yakawa ya kijani, mazito, yenye utando. Samaki wadogo walielea matumbo juu, na watoto waliokwenda kuogelea walirudi na vipele mwili mzima. Halmashauri ikaamuru kiwekwe kibao cha chuma cha kukataza watu kuoga na kuchota maji. Kwa kuwa saruji ilikuwa mikononi mwa kitengo cha mitaro, aliyetumwa kukisimamisha ni Bwana Mteremko. Alichimba mashimo mawili, akasimamisha nguzo, akakaza kibao kwa bolti nne. Walikuwepo watoto wanamtazama, taulo mabegani, na mmoja alimuuliza kitakaa mpaka lini. Anasema hajawahi kuulizwa swali gumu kama lile, hata siku ya posa.

Hapa inabidi nimtaje dada yake mkubwa. Mama yao alifariki msimamizi wetu akiwa na miaka sita, na dada huyu, aliyemzidi kwa miaka kumi na moja, ndiye aliyemlea. Kila Jumamosi alimpeleka ghubani, akafua nguo zao, kisha akamfunga nguo kiunoni, akashika ncha yake na kumfundisha kuogelea. Muda huo, anasema dada, ndio uliokuwa pumziko lake la wiki nzima. Kibao kiliposimamishwa aliacha kwenda. Majirani walikuwa wakijiiba kwenda jioni jioni, yeye alikataa kata kata. Alisema hawezi kuonekana anavunja amri iliyokazwa na mtoto aliyemwogesha mwenyewe. Ila kila mvua zilipokwisha alimuuliza kaka mtu swali lilelile la yule mtoto, na kwa miaka ishirini na minne kaka mtu amekuwa akijibu kwamba bado kidogo.

Siku ya mvua ya kwanza baada ya kibao, Bwana Mteremko alifanya jambo ambalo lilimbadilisha jina. Alisimama sokoni kunanyesha, bila mwavuli, akaona ndala moja nyekundu ya mtoto inachukuliwa na maji kuingia mtaroni. Akaamua kuifuata. Alikimbia kando ya mtaro, akapita gereji, akapita sehemu za kuoshea magari, akapita nyuma ya nyumba za kupanga, buti zinampwaya. Ndala ilimshinda mbio. Alipofika ghubani aliikuta imeshatangulia, inazunguka kwenye povu pamoja na oili chafu, chupa, maganda, samadi ya mbuzi wa sokoni na mengine ambayo sherehe hii hairuhusu kuyataja. Alitazama saa yake: dakika ishirini na mbili. Zamani, kwenye mtaro uliopindapinda, maji yalichukua karibu nusu siku kufika ziwani, na njiani nyasi zilishika takataka, udongo ukanywa oili, matete yakamaliza kilichobaki. Sisi tulikuwa tumelipelekea ziwa uchafu wa mji mzima kwa barabara ya lami.

Asubuhi yake aliingia ofisini kwa mhandisi na kumwambia kwamba cheti kile chenye lakiri kilikuwa cha kosa. Mhandisi alidhani ana homa. Msimamizi wetu alikishusha ukutani, akakitoa kwenye fremu, akakigeuza, na nyuma yake akachora kwa kalamu ya risasi mtaro mzima: kila gereji, kila bomba, kila choo kilichokuwa kikivujia humo. Ilikuwa ramani ya kwanza ya uchafu wa mvua katika halmashauri hii. Ipo hadi leo katika fremu ileile, na wageni wakiuliza mbona kuna mhuri mwekundu unaoonekana kwa mbali upande wa nyuma, tunawaambia ni habari ndefu.

Msidhani alianza kwa ushindi. Alianza kwa kuzamisha duka la fundi cherehani. Alitengeneza nyavu za waya za kunasa takataka kwenye midomo ya mitaro midogo, akazifunga vizuri, akajisifu, nasi tukaanza kumwita Mzee Chujio, na mvua ya kwanza ikazijaza chupa na majani kwa robo saa. Maji yakakosa pa kupita yakaingia dukani. Fundi alikuja ofisini kwetu amebeba cherehani kichwani na kitambaa cha suti ya bwana harusi kinachuruzika begani, akakikamulia sakafuni kwetu. Mzee alishinda siku tatu pale dukani akimsaidia kukausha na kupiga pasi. Inasemekana suti ile ilivaliwa, na ndoa bado ipo.

Kutokana na aibu ile ndipo ulipozaliwa Mwito wa Wingu. Wavu lazima umwagwe kabla mvua haijashuka, wala si baada. Kwa hiyo Mzee alihamishia kiti chake kwenye dirisha linalotazama upande mvua zinapotokea, na wingu likianza kutanda alipiga simu kila chumba. Hakuwa na salamu ndefu: “Wingu hilo, tokeni!” Tukatoka. Makarani walitoka, dereva wa mkurugenzi alitoka, mwanasheria alitoka na suruali imekunjwa hadi magotini. Katika nyavu hizo tumetoa mipira ya miguu arobaini na mmoja, wigi tatu, mlango wa friji, na seti nzima ya meno ya bandia. Meno tuliyaosha, tukayaweka kwenye gilasi mapokezi na tangazo juu yake. Yalikaa wiki mbili, kisha siku moja gilasi ikakutwa tupu, na hakuna aliyetaka kujua zaidi.

Mafundi gereji walikuwa kazi ngumu zaidi, maana kila mmoja alikuwa na baba yake aliyemwaga oili palepale. Wengi walipendekeza faini. Mzee alipendekeza shati. Alikwenda gerejini amevaa shati jeupe alilonunuliwa na mkewe kwa ajili ya kipaimara cha mtoto wao, akalivua mbele ya watu, akalitumbukiza katika maji ya mtaro chini ya gereji, akalitundika kwenye kamba. Halikutoa mahubiri. Lilikaa pale linakauka likiwa na rangi ya bomba la moshi, na mafundi wakalitazama mchana kutwa. Wiki iliyofuata walikubali mapipa ya kuhifadhia oili chafu, na gari letu limekuwa likiyachukua kila Jumanne tangu hapo. Shati bado limetundikwa gerejini. Mkewe alimnunia mwezi mzima, na kwa maoni yangu alikuwa na sababu.

Kazi ya kuvunja saruji ilichukua miaka sita ya vikao. Mwenyekiti wa wakati huo aliuliza kama kuna mtu mwenye akili timamu anayejenga mtaro kisha akaubomoa ili apande majani. Mzee alisimama akajibu kwamba yupo, ndiye huyu, na aliyejenga na anayebomoa ni mmoja. Mwishowe wakamruhusu nusu kilomita ya mwisho. Akaurudishia mtaro mapindo yake. Akachimba vidimbwi vitatu mfululizo, ili maji yatulie, mchanga na matope vizame, kisha ndipo yasonge mbele taratibu. Matete yakakataa kuota. Tukapanda mara mbili yakafa. Ndipo dada yake, ambaye ujanani alikuwa akiyakata kusuka mikeka, alipoletwa na kiti cha plastiki, akaketi ukingoni na kutuonyesha kwa fimbo yake kwamba tunapanda penye kina kirefu mno. Tukasogeza hatua nne. Leo ukipita pale huoni ghuba kwa matete, na kuna ndege ambao hata afisa maliasili hajui majina yao.

Na katika miaka yote hiyo, kila wiki ya kwanza ya Januari, Mzee Chujio alichukua spana namba kumi na saba na kopo la grisi akaenda kwenye kibao. Alilegeza bolti moja moja, akaifuta kutu, akaipaka grisi, akairudishia. Niliwahi kumuuliza kwa nini anahangaika kukitunza kibao anachokichukia. Alinishangaa. Akasema hakitunzi kibao, anatunza bolti, maana siku ya kukitoa hataki mtu aanze kutafuta msumeno. Mara ishirini na nne amezipaka. Nilizoea kucheka. Siku hizi sicheki tena.

Sasa nifike Mei.

Sheria yetu ndogo inasema ghuba itafunguliwa endapo maji yake yatafaulu kipimo baada ya mvua kubwa tatu zinazofuatana. Ni baada ya mvua, kwa kuwa wakati wa kiangazi kila ziwa linaweza kujifanya safi. Kwa miaka mingi hatukufaulu hata moja. Mwaka huu, mvua ya mwezi Machi, tulifaulu. Nilihesabu mara mbili nikamwita, akaja akakaa kwenye kigoda cha maabara, akavua kofia. Mvua ya Aprili tukafaulu tena. Ofisi nzima ikaanza kutembea kwa vidole. Mkurugenzi aliagiza utepe. Dada mtu, sasa ana miaka sabini na mmoja na miguu inayovimba, aliomba kushonewa gauni la kuogea, na aliyelishona ni yule yule fundi cherehani, ambaye alikataa kabisa kupokea chochote.

Mvua ya tatu ilinyesha Jumanne, wiki sita kabla ya Mzee kustaafu. Alichota maji mwenyewe kwenye nguzo ya tatu ya gati, mahali palipoandikwa katika sheria, akaniletea chupa ameishika kwa mikono miwili. Kipimo hukaa kwenye kabati la joto siku nzima, kisha vijidudu huonekana kama madoa madogo katika sahani, nasi huyahesabu. Nilihesabu Jumatano alasiri. Nikahesabu tena. Nikatoka nje, nikanywa maji, nikarudi nikahesabu mara ya tatu. Yalizidi kikomo kwa madoa kumi na moja.

Naandika wazi kwamba siku ile nilitamani macho yangu yawe mabovu. Watu wazima wenye vyeo vyao waliingia maabara mmoja mmoja na kuniuliza kwa upole kama kumi na moja ni kitu kweli, na kama chupa haikutikiswa sana, na kama isingekuwa vyema kurudia siku ya jua. Sikuwa na nguvu ya kuwafukuza. Wallahi nilikuwa karibu kuandika tarakimu nyingine, kwa mkono huu huu, kwa ajili ya mtu mmoja na dada yake.

Mzee Chujio aliingia wa mwisho. Aliona uso wangu. Aliomba sahani, akaiweka chini ya kioo, akachukua njiti ya kiberiti na kuanza kuhesabu doa moja moja, midomo inacheza. Alichukua muda mrefu. Alipomaliza aliniambia nimekosea: yamezidi kwa kumi na mbili, moja nimeliruka pembeni. Nilihesabu tena, na alikuwa sahihi. Akasaini fomu, akaiweka tarehe, akavaa kofia, akaniambia nisilie juu ya sahani nisije nikaharibu kipimo.

Kesho yake alikuwa mtaroni na makopo ya rangi ya nguo. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba ruhusa ya kumwaga rangi chooni, kisha akakimbilia mtaroni kutazama kama itatokea. Siku ya nne maji ya mtaro yaligeuka waridi, nyuma ya safu mpya ya vyumba vya kupanga, ambako fundi bomba mmoja alikuwa ameunganisha vyoo sita na mtaro wa mvua kwa kuona ndiko karibu. Bomba limezibwa na vyoo vimepelekwa panapostahili. Lakini mvua zilikuwa zimekwisha, na hesabu yetu inaanza tena kutoka moja. Msimu ujao Mzee hatakuwa kwenye kiti cha dirishani.

Alipofika nyumbani siku ile ya matokeo dada yake aliuliza, kama kawaida. Mzee alimjibu kwamba bado kidogo. Dada akaenda kulikunja gauni akalirudisha sandukuni, na Mzee ameniambia kwamba hilo ndilo jambo pekee katika miaka thelathini na mmoja lililomfanya atake kuomba mwaka mmoja wa nyongeza.

Kamati ilipomuuliza anataka zawadi gani, alisema hahitaji kiti cha uvivu wala saa ya ukutani. Alinikabidhi mimi spana namba kumi na saba na kopo la grisi, lililobaki robo. Nilienda Jumapili iliyopita, peke yangu, ingawa Januari bado iko mbali. Nilitaka tu kuona kama nitaweza. Ziwa lilikuwa limetulia, matete yanapepea, na hapakuwa na harufu yoyote ila ya maji. Nilipaka bolti zote nne. Kisha, kabla ya kuzikaza, nikaweka spana chini nikazijaribu kwa vidole vyangu, na zilizunguka.

Mzee wetu, umetufundisha kutoka nje wingu likitanda, na tutatoka. Kiti chako cha dirishani tumekubaliana asikae mtu kwa raha zake, atakaa wa zamu. Nitakukumbuka kila asubuhi nitakapopita mlangoni nisikute buti zako zimenizibia njia, nami nilikuwa nikikugombeza kwa hizo miaka yote hii. Asante kwa mitaro, asante kwa kukiri, asante kwa doa la kumi na mbili. Mungu akujalie ustaafu wenye afya, wewe, mama watoto na dada. Ila simu yako usiizime msimu wa mvua, na mwambie dada gauni alitoe sandukuni lipate hewa. Mvua ya tatu ikifaulu nitakupigia, na spana sitaigusa mpaka ufike.